Ndoano katika Maji ya Malagarasi

Mtu akikwambia kwamba Tabora hakuna mto, usimbishie. Mji ule mkongwe, mji wa miembe na wa reli, haukuota kando ya maji yaendayo. Wapagazi waliotua mizigo yao hapo katika karne ya 19 walikunywa maji ya visima. Wenyeji wa leo wanafungua bomba lenye maji yaliyosafirishwa kutoka Ziwa Viktoria, na kabla ya hapo walitegemea mabwawa, mashuhuri likiwa lile la Igombe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, niliposhuka stesheni ya Tabora mwezi wa Agosti nikiwa na ufito wa kuvulia samaki mkononi, jamaa yangu aliyekuja kunipokea aliutazama ufito, akanitazama na mimi, kisha akaniuliza kama ofisi yetu siku hizi inawatuma waandishi kwenda kuvua visimani.

Ufito wenyewe haukuwa wangu. Niliazimwa na mzee mmoja wa Dar es Salaam ambaye katika ujana wake alimtumikia mlowezi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Pamoja na ufito alinipa kikopo cha bati. Nilipokifungua nilidhani nimeona wadudu waliokauka: nzi, nyigu, na wengine wenye mbawa ndefu. La hasha! Wote walikuwa wa uongo, wametengenezwa kwa uzi na manyoya ya ndege, na kila mmoja ameficha tumboni ndoano ndogo mno.

Ndivyo Wazungu wamvuavyo samaki aitwaye trauti. Mvuvi husimama ndani ya mto mpaka magotini, huupunga mshipi hewani mbele na nyuma kama mchungaji apungaye mjeledi, kisha humtua yule nzi wa uongo juu ya maji polepole, kana kwamba ameanguka mwenyewe kutoka majanini. Samaki huruka kumdaka. Huko Marekani wako wampendao hasa yule wa vijito vya milimani, mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu ubavuni, asiyestahimili kukaa katika maji yanayozidi joto la nyuzi 20. Wakoloni hawakuweza kuishi bila mchezo huu. Mwaka 1905 waliwaleta trauti kutoka Uskoti wakawatia katika mto Gura nchini Kenya, na baadaye jamii hiyo ya samaki ikapandikizwa katika mito ya baridi ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini.

Tabora si mahali pa mambo hayo. Agosti vijito vingi vya Unyamwezi ni njia za mchanga, na palipobaki dimbwi maji yake ni ya uvuguvugu. Trauti akitumbukizwa humo asubuhi, jioni utamkuta amekuwa mchuzi. Lakini mzee wangu wa Dar es Salaam alikuwa na swali lake, nami nililibeba pamoja na kikopo chake: je, katika njia nzima ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, hakuna samaki mwenye hasira ya kutosha kumrukia nzi huyu?

Yuko. Na yuko katika ncha zote mbili za njia hiyo. Msafara ulipotoka Bagamoyo, mto mkubwa wa kwanza kuuvuka ulikuwa Kingani, ambao sasa tunauita Ruvu. Baada ya hapo, miezi karibu mitatu ya kutembea mpaka Tabora, kilio kikubwa cha wapagazi kilikuwa maji: Ugogo wenye mabwawa ya chumvichumvi, kisha lile pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambako watu waliacha mizigo na wengine wakaacha roho. Msafara ulipumzika Tabora, ukaendelea magharibi, na ndipo ulipokutana na mto mwingine wa kweli, Malagarasi. Sasa, katika Ruvu na katika Malagarasi anaishi samaki wa ukoo mmoja: mwembamba, mwenye ubavu wa fedha na milia myeusi, na mdomo uliojaa meno marefu yanayopishana kama vidole vya mtu anayeomba dua. Yule wa Ruvu na Rufiji wataalamu walimtambua mwaka 1986 kuwa ni wa namna ya peke yake, wakampa jina la nchi yetu. Huyu wa Malagarasi ana ndugu zake Kongo na Zambezi. Wavuvi wa upande wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe.

Kabla ya kupanda treni nilipita sokoni Tabora, maana mtu anayekwenda kuvua ni vizuri ajue kwanza bei ya kununua. Meza za samaki zilinieleza jiografia ya nchi kuliko ramani. Huku sato wa Mwanza katika barafu, kule dagaa na migebuka ya Kigoma, na mwisho wa safu, kimya kimya, kambale wakavu waliokunjwa wakawa duara, mkia umechomekwa mdomoni. Hao ni samaki wa mabwawa na mito ya ndani. Zamani wengi walitoka Ugalla, ambako wavuvi na warina asali waliingia kwa vibali wakati wa kiangazi. Tangu Ugalla ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, mambo yamebadilika. Mama aliyekuwa akiuza aliitikia salamu yangu ya "Mwangaluka", kisha akanifundisha upishi nisiouomba: kambale aoshwe kwa maji ya moto mara mbili, achemshwe mpaka alegee, ndipo zitiwe karanga zilizopondwa, na moto upunguzwe. "Ukiharakisha karanga, baba, umeharibu vyote viwili." Wasomaji wenye jiko la mkaa wajaribu Jumapili hii.

Reli ya kati ya zamani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inafuata kwa sehemu kubwa nyayo za misafara. Unapita Urambo, ambako jina la Mirambo halijafutika. Mtawala huyo aliyefariki mwaka 1884 aliwahi kuifunga njia ya Ujiji kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, hata Stanley mwaka 1871 ikambidi azunguke kusini ili amfikie Livingstone. Unapita Kaliua. Unapofika Nguruka harufu ya samaki inaingia dirishani kabla ya wachuuzi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo samaki wa Ziwa Sagara na wa mabwawa ya Malagarasi wanapouzwa. Vijana wanakimbia kandokando ya mabehewa na mafungu ya perege wakavu, chupa za asali zikigongana kwapani.

Mto wenyewe ni mkubwa kuliko sifa zake. Bonde lake ni kama kilomita za mraba 130,000, sehemu yake ikiwa Burundi. Unaanzia karibu na mpaka, unazunguka kwa upinde mkubwa, unapotea katika mabwawa mapana ya Moyowosi, kisha unajikusanya tena na kuelekea magharibi kupitia Uvinza mpaka Ziwa Tanganyika. Ardhioevu hiyo, yenye hekta zipatazo milioni 3.25, ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kuandikishwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Kwa misafara, Malagarasi ulikuwa lango lenye kitasa. Mitumbwi ya kuvukia ilikuwa ya watu wa Uvinza, na watawala wao walijua thamani yake. Hapana nguo, hapana kuvuka. Malipo hayo ya njiani yaliitwa hongo, neno lililokuwa na heshima yake wakati huo. Lilikuwa kodi iliyotozwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Namna lilivyoshuka cheo mpaka likawa jina la kitu kinachopitishwa chini ya meza, hiyo ni safari nyingine ndefu. Stanley aliandika kwa uchungu mwingi jinsi alivyobishania doti za nguo siku nzima, akalipa, halafu wenye mitumbwi nao wakadai yao. Alipovusha punda, akiwa amefungwa kamba na kuvutwa aogelee, mamba alimshika shingoni katikati ya mto akazama naye. Punda huyo jina lake lilikuwa Simba.

Leo gari linapita juu ya Daraja la Kikwete kwa dakika moja na abiria hata hainui macho kutoka kwenye simu yake.

Nilishuka Uvinza, mji wa chumvi. Chemchemi zake za maji ya chumvi, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, zilichemshwa na watu tangu karne ya 5 au ya 6. Wachimbaji wa mambo ya kale walilithibitisha hilo katika miaka ya 1960. Samaki na chumvi mahali pamoja! Huhitaji mwalimu kukueleza kwa nini njia ilipita hapo. Nilipiga hodi kwa ofisa anayehusika, nikapata kibali, kisha nikaelekezwa kwa mzee mmoja aishiye kando ya mto, ambaye, niliambiwa, ndiye mtu wa mwisho hapo anayeishi kwa ndoano tupu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Fimbo hiyo ya nini?"

Nilimweleza. Nikafungua kikopo. Mzee alichagua nzi mmoja, akamgeuza kiganjani, akacheka mpaka akakohoa. Halafu aliingia ndani akatoka na mshipi wake. Mwishoni mwa mshipi palikuwa na kipande cha waya mwembamba, kwa sababu meno ya kibebe hukata uzi kama wembe. Na baada ya waya, ndoano kubwa iliyofungwa unyoya mweupe wa kuku na kipande cha karatasi ya fedha kutoka katika paketi ya sigara. Hakuwahi kusikia habari za trauti wala za Uskoti. Alikuwa amemwona kibebe akiwafukuza samaki wadogo wanaometameta, akafikiri.

Tuliingia mtoni kabla jua halijapanda, mahali maji yanapokimbia kati ya miamba na mtu anaona chini. Pa maji mazito na meusi alinikataza hata kunawa mikono, nami nilimkumbuka Simba wa Stanley nikatii. Ufito wangu wa kifahari ulinitia aibu. Mara nimenasa mti wa nyuma yangu, mara kofia yangu, na nzi wa mlowezi walipokwisha kutua majini, walipita wakielea bila hata samaki mmoja kuwaamkia. Mzee alirusha mkono mmoja tu, akauvuta mshipi kwa mishtuko mifupi, mara tatu, mara nne. Maji yakapasuka. Samaki aliruka juu mzima mzima akitikisa kichwa, akaanguka, akaruka tena, na safari ya tatu mshipi ukalegea. Amekwenda. Mzee hakusema neno. Aliukagua waya, akaunyoosha kwa meno, akarusha tena.

Mpaka saa tano alikuwa na vibebe wawili. Mimi nilikuwa na majani.

Tukipumzika kivulini nilimwambia kwamba wengi wa wavuvi wale wa nzi wa uongo, wakimpata samaki, humwondoa ndoano wakamrudisha majini. Hili lilimsumbua kuliko mamba. "Wanamrudisha? Basi walimwita wa nini?" Nilijaribu kumweleza kuwa ni mchezo. Alitafakari. "Mgeni humwiti kwako ukamchosha, kisha ukamfukuza bila chakula," akasema, na hapo sikuwa na jibu.

Lakini usidhani kuwa mzee huyu ni mtu wa kutoa kila kilichomo majini. Alinieleza jambo ambalo baadaye nililikuta ndivyo lilivyo katika maelezo ya wataalamu. Perege wa mto huu, ambao aina yao moja ina jina la Malagarasi wenyewe, hulea kwa mdomo: jike huyachukua mayai kinywani, na hata watoto wakianguliwa hukimbilia humo wakiona hatari. Siku zote hizo mama hali kitu, au hula kidogo sana. "Sasa mtu asiyekula," akasema mzee, "utamnasaje kwa ndoano? Ndoano humchukua mwenye njaa. Mama mlezi inampita." Wavu haumpiti. Wavu wa matundu madogo, au ule unaoshonwa kwa vyandarua vya mbu, humzoa mama na vilivyomo kinywani mwake. Akitolewa majini huwatema wote mchangani. Sumu ya utupa huua hata visivyokusudiwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, lakini sheria iko mbali na mwamba huu, na jioni iko karibu.

Nikamuuliza ni nani anayevua kwa chandarua hapa. Alinyoosha kidole upande wa kijiji. "Mjukuu wangu."

Nitalirudia hilo. Niruhusu kwanza nikueleze umri wa mto huu, maana ndio unaofanya chandarua kiwe kitu kizito. Sisi huhesabu kwamba Malagarasi unaingia katika Ziwa Tanganyika, kana kwamba ziwa ni mwenye nyumba na mto ni mpangaji. Mambo ni kinyume. Ziwa lilianza kufanyika pale ardhi ilipopasuka, kwa makisio miaka kati ya milioni 9 na 12 iliyopita. Wanaochunguza samaki wanaamini kuwa kabla ya hapo mto wa kale uliotangulia Malagarasi ulitiririka magharibi moja kwa moja kuelekea Kongo. Bonde la ufa likaukata. Ushahidi wao ni samaki wenyewe: katika Malagarasi kuna bunju wa mtoni, yule ajazaye tumbo akawa kama mpira, na kuna samaki wa kale mwenye msururu wa mapezi mgongoni kama msumeno, na wengine ambao ndugu zao wako ng'ambo ya ziwa, katika mto Kongo. Wakati huohuo, katika maji yaendayo kasi ya Malagarasi na mito jirani wako samaki wadogo washikao miamba wasiopatikana popote pengine duniani. Mwaka 1998 wataalamu wawili, De Vos na Seegers, waliwaeleza kadhaa wapya kwa mpigo.

Samaki hao wadogo, ambao hata paka hashibi kwa mmoja, wamewahi kuuzuia mradi wa umeme. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ulikuwapo mpango wa kujenga mtambo kwenye maporomoko ya Igamba, magharibi ya Uvinza, kwa fedha za Marekani. Uchunguzi ulipoonyesha kuwa humo mna viumbe wa peke yao walio hatarini, mpango ukaachwa. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa mradi mwingine katika mto huohuo, wa megawati 49.5. Mimi sitaki unielewe vibaya. Mkoa wa Kigoma uliwashwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na wewe unayesoma ukurasa huu chini ya taa huna haki ya kumwambia mama wa Uvinza azalie gizani kwa ajili ya kisamaki. Lakini niliposimama juu ya miamba ile na maji yakinipiga miguuni, nilitamani kila mhandisi apewe asubuhi moja ya kuvua hapo kabla hajachora.

Jioni yule mjukuu alikuja. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, aliyenisalimu vizuri. Ndoo yake ilijaa mpaka ukingoni: vidagaa, vitoto vya perege vya urefu wa kidole, kambale wachanga, na kitu kimoja kilichotuna kama mpira mdogo kikiwa bado kinahema. Babu yake alikuwa akiwachoma vibebe wake juu ya makaa. Hawakuzungumza. Nilielewa kuwa walikwisha kuzungumza sana siku nyingine, na kwamba mzee hali kitokacho katika ndoo ile. Alikula kibebe, samaki mwenye miiba mingi kama sindano katika pamba, akiitoa mmoja mmoja kwa subira, na mimi akanimegea mgongoni ambako ni nafuu.

Baadaye kijana alinisindikiza njiani na kuniambia yake, bila kukasirika. Ana watoto wawili shuleni. Babu ni mmoja, na mvuvi mwenye ndoano akirudi na samaki wawili, wanakula watu wawili. Yeye ndoo moja inamlipia daftari na sare. Anajua kwamba samaki wamepungua. Yeye ndiye anayewahesabu kila siku, akasema, si mgeni. Lakini akiacha yeye, mwenye wavu wa kijiji cha pili hataacha.

Mimi mtu wa mshahara nilinyamaza.

Tulipofika stesheni nilikitoa kile kikopo cha bati. Mwenyewe alikwisha kuniambia nisimrudishie nzi, bali ufito tu, nami sikuwa na matumizi nao mjini. Kijana alikifungua chini ya taa ya jukwaa. Aliwatazama muda mrefu, akamtoa mmoja mwenye mbawa za kahawia, akajaribu ncha ya ndoano kwa kidole gumba.

"Na babu leo kapata wangapi?"

"Wawili. Mmoja akamponyoka."

"Huyo aliyemponyoka alikuwa mkubwa?"

Nilimwonyesha kwa mikono. Alicheka kidogo, akalichunguza tena lile fundo la uzi na manyoya, jinsi lilivyozungushwa, na treni ilipokuwa inapiga honi akaniuliza kama huko Dar es Salaam waya mwembamba wa kufungia unauzwa kwa kilo au kwa mita.